Jiwe la Masanja Kwenye Kisagio Changu

Nyie vijana mnakuja kwangu na simu mkononi. "Shikamoo, bibi," mnasema, na kabla marahaba yangu haijatoka vizuri mmeshanisukumia picha usoni. "Kisagio kipi kizuri hapa, bibi? Hiki cheusi au hiki cha fedha?" Sasa mimi rangi nainywa? Niulizeni meno yake ni ya nini. Niulizeni ekseli yake imeshikwa wapi. Na kabla ya yote mniambie kahawa yenu mnaipikaje, maana anayenunua kisagio bila kujua atapikaje kahawa ni sawa na anayenunua kiatu bila kujua mguu ni wa nani.

Mimi ni Mama Kulwa. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza. Lakini kahawa nimeisaga kwa mkono huu wa kulia miaka zaidi ya thelathini, Kahama, Runzewe, Geita, kila palipotoka dhahabu na watu wakahitaji kuamka mapema. Nimeacha kwa sababu kiwiko kimekataa. Kichwa hakijakataa. Kwa hiyo someni, na anayejiona anajua zaidi aende akanunue hicho cheusi.

Aliyenifundisha ni Mzee Rajabu, Mmanyema wa Kigoma aliyeuza kahawa karibu na stendi ya Kahama. Mimi nilifika pale na kinu cha mti na mchi, nikatwanga kahawa kama ninavyotwanga mtama, nikapanga vikombe vyangu hatua ishirini kutoka kwake. Mtu mwingine angenifukuza. Yeye alikuja akanunua kikombe, akanywa nusu, akatema.

"Binti, kahawa yako chungu, na hapo hapo ni maji. Umewezaje?"

Nikamwambia kama hataki arudi kwake. Hakuondoka. Alichota kahawa yangu niliyoitwanga, akaitandaza kwenye sahani nyeupe, akaitenga kwa ukucha. Huku vumbi, huku vipande vikubwa kama chenga za mchele. "Hili vumbi limeshatoa kila kitu mpaka uchungu," akasema. "Hivi vipande havijatoa hata salamu. Umevichemsha pamoja. Kahawa haiharibiki motoni, mama. Inaharibika hapa, kwenye kusaga."

Maneno hayo yanatosha kumaliza darasa lote la visagio. Kazi ya kisagio ni kutoa punje zinazolingana. Kuvunja tu, hata nyundo inavunja. Kinachofanya kisagio kiwe ghali ni kwamba punje ya kwanza na punje ya elfu zinatoka ndugu.

Mzee Rajabu alikuwa na kisagio cha chuma cha kufunga ukingoni mwa meza kwa skrubu. Alinizungushisha mpini mwezi mzima bila kuniruhusu kuuza. Nikienda mbio ananigonga mkono kwa kijiko. "Polepole! Unasaga kahawa, hufukuzi ng'ombe." Na kila asubuhi, kabla ya kusaga, tuliimwaga kahawa kwenye ungo na kuitoa vijiwe kama mtu anavyochagua mchele. Hilo mlishike hata leo. Kahawa yetu inaanikwa chini, na kijiwe kimoja tu cha ukubwa wa dengu kinakula meno ya kisagio cha bei ya ng'ombe. Nimeona mtu mwenye kisagio cha ajabu, kinang'aa kama kitasa cha benki, anamimina kahawa humo bila hata kuitazama. Mali ya urithi, nikasema moyoni.

Sasa niwaambie juu ya jiwe lenyewe, maana ndilo lililonipa akili.

Nilipojua kazi, niliuza mitamba yangu miwili nikanunua kisagio changu mwenyewe kutoka kwa mpishi wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao. Meno ya chuma kigumu, umbo la koni, mpini mrefu. Kaka yangu alikataa kusema nami. "Ng'ombe wanazaa," alimwambia mama. "Hilo lichuma litazaa nini?" Nikalichukua lichuma langu nikaenda nalo Runzewe. Karibu na hapo kulikuwa na rashi, dhahabu imetoka kwenye shamba la mtu, watu wamejaa kama kumbikumbi. Nikapata kibanda cha turubai, nikafunga kisagio mezani.

Wateja wangu wakubwa walikuwa watu wa duara moja, yaani shimo moja la dhahabu, na mkubwa wao alikuwa Masanja. Msukuma mwenzangu wa Shinyanga, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Alikunywa kahawa ya kuchemsha, laini kama vumbi la barabarani, vikombe vitatu kabla hajashuka shimoni. Mtu mwema. Lakini wema haumzuii mtu kuwa mjinga.

Wakati huo watafiti wa miamba walikuwa wameweka kambi upande wa kwenda Geita, na mpishi wao mkuu, tuliyemwita Baba Anjela, Mhaya, alipita akanywa kwangu. Akaniambia kambini anataka mtu wa kumletea kahawa iliyosagwa kila asubuhi, ya aina tatu. Ya kwanza ya ile chupa ya kioo yenye kichujio cha kusukuma chini, ndiyo wanayokunywa watafiti wengi. Ya pili ya chujio la karatasi, hiyo ya meneja. Ya tatu ya kibirika kidogo cha Kiitaliano kinachopandisha maji kwa mvuke, cha fundi wao wa mitambo. "Jumamosi leta nionje," akasema. "Ukiniletea ya aina moja umeigawa kwenye makopo matatu, nitajua."

Nyie hamuwezi kuelewa hiyo Jumamosi ilikuwa na maana gani kwangu. Wanangu pacha, Kulwa na Doto, walikuwa kwa mama yangu kijijini, wanasoma siku nilizopata na kuchunga siku nilizokosa. Rashi ni leo ipo kesho haipo. Kambi ni asubuhi kila siku. Nikipata kambi, watoto nawaleta shule ya bweni Kahama wanasoma moja kwa moja. Nikikosa, narudi kwa kaka yangu kuomba msamaha kwa ajili ya mitamba.

Alhamisi nikaenda kisimani. Narudi na ndoo kichwani, naona watu wamezunguka meza yangu. Katikati, Masanja anazungusha mpini kwa mikono miwili, jasho linamtoka, na kisagio kinalia mlio ambao sijausikia tena mpaka leo. Chini yake kuna unga. Mweupe.

"Masanja! Unasaga nini?"

"Mwangaluka, mayu," ananisalimu kwa Kisukuma, mayu ndiyo mama, kama mtu aliyekutwa sebuleni kwake. "Nimeazima kidogo tu. Mchi wetu umekatika."

"Nimeuliza unasaga nini?"

"Jiwe."

"Jiwe gani?"

"La duarani. Tumefika kwenye mwamba mpya, tunataka tuoshe sampuli tuone kama lina kitu. Nikasema kahawa ngumu, jiwe gumu, hii itaweza." Akachekelea. "Na imeweza, mayu! Kinu cha chuma kingetuchukua mpaka saa nane."

Kijana mmoja nyuma akapaza sauti: "Mama Kulwa, leo kahawa ya mawe shilingi ngapi?"

Watu wakacheka. Mimi niliweka ndoo chini taratibu, maana ningeitupa ingempata mtu. Nikafungua kisagio. Meno yalikuwa yamemeguka huku na huku kama ya mtoto wa miaka saba. Nikazungusha mpini bila kitu ndani, ukawa unaruka, unakwama, unaruka.

Masanja bado anachekelea. Ameshaosha unga wa kwanza kwenye karai, ananiletea nione. Kweli, pembeni kuna mstari mwembamba wa njano, kama kiini cha yai. "Lina dhahabu, mayu! Tazama! Kisagio chako kimetuletea bahati!"

"Masanja," nikamwambia, "umeua wanangu."

Hapo ndipo kicheko kilipomtoka. Alikuwa hajui habari ya Jumamosi. Nilipomweleza, akakaa chini kwenye udongo na karai lake. Watu wakaanza kutawanyika, wa kwanza yule wa kahawa ya mawe.

Kuna aliyenishauri nikisafishe, nisage hivyo hivyo, nani atajua? Sikilizeni vizuri. Kisagio kilichosaga jiwe hakirudi kwenye kahawa. Vumbi la mwamba linabaki ndani, na meno yaliyomeguka yanaendelea kudondosha chuma. Mtu akikupa tumbo lake amekuamini. Nikakifunga kwenye kitambaa, nikakiweka chini ya kitanda.

Ijumaa niliamka na kinu cha mti. Baba yangu alikuwa kibarua Mwadui kwenye almasi, na alizoea kutusimulia kwamba kule kokoto huchekechwa kwanza kwa ukubwa, kila saizi inakwenda njia yake, ndipo watu wanatafuta. Nikajiuliza, kokoto zinachekechwa, kahawa ina nini isichekechwe? Nikakusanya chekecheke mbili za unga, moja ya matundu makubwa kidogo na moja laini, chujio la chai, na kipande kipya cha wavu wa dirishani. Nikatwanga kidogo kidogo, nikachekecha. Kilichobaki kwenye wavu wa dirisha kikarudi kinuni. Kilichopita hapo kikabaki kwenye chujio, mfano wa chenga za mchele, nikakiweka kwa ajili ya chupa ya kusukuma. Kilichobaki kwenye chekecheke ya matundu makubwa, kama sukari, nikakiweka kwa ajili ya karatasi. Kilichopita hapo lakini kikabaki kwenye chekecheke laini, kama chumvi ya mezani, kikawa cha kibirika cha mvuke. Vumbi lililobaki mwisho nikawachemshia Masanja na wenzake, wakanywa kama wako msibani.

Siku nzima, makopo matatu madogo. Viganja vilitoka malengelenge.

Jumamosi Baba Anjela aliyafungua makopo, akasugua kila moja kati ya vidole viwili, akapika zote tatu mbele yangu. Alionja ya chupa. Akaonja ya karatasi. Ya kibirika cha mvuke akaimaliza.

"Mashine gani hii?"

"Mikono."

Akanitazama viganja. "Utaweza kila siku, Mama Kulwa? Watu ishirini na mbili?"

Nilijua siwezi. "Nitaweza," nikasema.

Akafunika makopo. "Nenda katafute mashine. Nakupa wiki mbili. Baada ya hapo namchukua mtu mwingine, na usinilaumu."

Niliporudi, Masanja alikuwa ameshaita kikao. Kule rashi mambo kama hayo hayaendi polisi, yanamalizwa na wakubwa wa maduara. Tulikaa kwenye magunia, na mwenyekiti wao akamwambia Masanja aseme fidia yake.

"Nampa Mama Kulwa hisa," akasema Masanja. "Kila tukipandisha mawe, mifuko miwili yake. Na lina dhahabu lile jiwe, wote mmeona."

Watu wakapiga makofi. Jirani yangu muuza maandazi akanifinya. "Kubali, mwanamke! Utajenga!"

"Sitaki mifuko," nikasema. "Nataka kisagio."

"Mayu, mifuko miwili inanunua visagio kumi!"

"Lini?"

Akatazama chini. "Mwamba ukizidi kushuka chini na dhahabu yake... miezi miwili, mitatu."

"Mimi nina wiki mbili. Nataka kisagio, na nitakichagua mwenyewe."

Walinicheka. Mwenyekiti mwenyewe alitikisa kichwa. Lakini mwenye haki ndiye anayechagua fidia, na Masanja hakubishana. Aliuza baiskeli yake na redio. Nasema hivi ili mjue alikuwa mtu wa namna gani.

Tulikwenda Mwanza kwa basi. Kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi tulikuta visagio vinne rafuni, na hapa ndipo mfungue macho, maana namna nilivyochagua siku ile ndivyo ningechagua leo.

Nilishika kila kimoja nikatikisa ekseli kwa vidole viwili. Viwili vilicheza. Nikavirudisha. Kisagio rahisi kikifungwa kwa kusaga laini kinajificha, kinaonekana kimetulia. Kilegeze kisage punje kubwa, uone ekseli inavyoyumba kama mlevi kwa sababu imeshikwa juu tu, chini haina beringi. Hicho kwenye chupa ya kusukuma kitakupa matope. Vikabaki viwili, kimoja cha meno ya udongo wa kuchoma, kingine cha chuma. Ya udongo hayashiki kutu, lakini kikianguka mara moja kwaheri, na kahawa iliyokaangwa kidogo, ile ngumu, yanaisaga kwa manung'uniko. Nikachukua cha chuma nikamwambia Masanja, "Zungusha."

"Mimi?"

"Ulizungusha jiwe, kahawa itakushinda?"

Akazungusha. Nilikuwa nimebeba kahawa yangu na chekecheke zangu kwenye kikapu. Nikachekecha pale pale juu ya kaunta, mzee wa duka amesimama ameshika kiuno. Nilimsagisha Masanja kubwa, ya kati, laini, kisha tena kubwa, nione kama ringi, ile pete ya kukaza na kulegeza meno, ikirudishwa pale pale punje zinarudi zile zile. Mkono wa kulia ukamchoka akahamia wa kushoto.

"Huyu mama," mzee wa duka akamwambia, "mahari yake ilikuwa ngapi?"

"Mzee," Masanja akajibu akihema, "hii ndiyo fidia. Mahari ningeshakimbia."

Ndicho tulichokinunua.

Visagio vyenu vya sasa ringi inapiga "tik, tik", mnahesabu. Vizuri sana, mimi nilichora alama kwa msumari. Lakini hesabu haianzii popote. Kaza taratibu mpaka meno yaguse kidogo, hapo ndipo sifuri yako, halafu rudi nyuma ukihesabu. Anayepika kwa karatasi na chupa ya kusukuma tu asidanganywe na muuzaji, hahitaji hatua ndogondogo mia. Anunue chenye ekseli imara na meno mapana, inamtosha mpaka uzee. Anayetaka kahawa ya mashine ya presha, ile nzito ya kikombe kidogo, huyo ndiye atafute ringi ya hatua ndogo kabisa, maana hapo tofauti ya unywele inabadili kikombe, na mpini uwe mrefu au bega litalia. Anayetaka vyote kwa kisagio kimoja atoe hela ya maana au aache tamaa. Kahawa ya kuchemsha laini kama vumbi nayo ijaribuni dukani kabla ya kulipa, si visagio vyote vinashuka mpaka huko. Na kishikeni. Kama kiganja chako hakikizunguki vizuri, hata kiwe cha dhahabu si chako. Maji msikioshee, tumieni brashi. Na bizari msisagie humo, wala karafuu. Jiwe sidhani kama nina haja ya kusema.

Kambi niliipata. Kulwa na Doto wakaja Kahama, wakasoma. Baba Anjela alinisumbua miaka mitatu, kwanza hapo, kisha Geita, mara kubwa mno, mara laini mno, na kila aliponisumbua alikuwa na haki, nikajifunza.

Na lile duara? Mwamba ulishuka kweli. Lilitoa dhahabu, sitawadanganya ili nionekane mwerevu. Muuza maandazi alinihesabia mifuko ambayo ingekuwa yangu, kila wiki, bila kuombwa. Msimu ule nilijuta. Nilikuwa nasaga huku najuta.

Kisha mvua za mwaka uliofuata zikaingia shimoni, pampu ikashindwa, na habari zikaja kwamba dhahabu imetoka upande wa Geita. Kambi ya watafiti nayo ilikuwa imefunga kazi, ikahamia huko huko. Rashi ilihama kwa siku tatu. Asubuhi niliyoondoka, kisagio kiko mapajani kimefungwa kwenye kitenge, lori lilisimama kupakia magunia karibu na duara la Masanja. Alikuwa peke yake. Amekaa kwenye ukingo, shimo limejaa maji mpaka juu.

"Mayu, unakwenda?"

"Nakwenda. Panda, Masanja. Watu wote wako Geita."

"Yaya." Akatikisa kichwa. "Maji yatakauka. Nikiondoka, nani atalilinda? Duara halibebeki."

Dereva akapiga honi. Nilimwambia asubiri, akaanza kunitukana, nikamwambia atukane huku anasubiri. Nikafunga kisagio kwenye ubavu wa lori, nikakaza ringi mpaka alama ya mwisho, nikasaga laini ya kuchemsha mpaka kopo likajaa. Masanja alisimama akiangalia mkono wangu unavyozunguka. Nilipompa kopo alilipokea kwa mikono miwili.

"Wabeja, mayu."

"Uchemshe ndani ya wiki hii," nikamwambia. "Ikikaa inakufa."

Lori likaondoka. Nilipogeuka alikuwa ameshachota maji ya shimoni kwenye sufuria, anatafuta kuni.